Mgeni wa Lurambi Aanzie Rosterman

Mgeni ajaye Kakamega kwa nia ya kutalii, awe ni mwanafunzi aliyeletwa na basi la shule kutoka Kitale au ni Mzungu mwenye darubini shingoni na daftari la kuandikia majina ya ndege, aghalabu hupelekwa mahali pawili: huenda Ilesi, kando ya barabara iendayo Kisumu, akalitazame jiwe linalolia, kisha huingizwa msituni, kwa lango la Isecheno au la Buyangu, akawaone mbega na hondohondo, na jua likichwa hurudi mjini akalala, asubuhi akaenda zake akiamini kwamba ameiona Kakamega yote. Katika mizunguko hiyo amepita Lurambi mara kadhaa, maana mji wenyewe umo ndani ya Lurambi, pamoja na hospitali kuu, uwanja wa Bukhungu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Walakini hakuna aliyemwambia kwamba kipande cha nchi ambacho habari zake zilijadiliwa kwa hamaki katika Bunge la Uingereza, na ambacho kwa ajili yake ahadi ya serikali kwa raia wake ilivunjwa kabla haijatimiza miaka mitatu, kipo hapo hapo pembezoni mwa mji, na jina lake ni Rosterman.

Sisemi haya kwa kulibeza jiwe wala msitu. Rai ninayoileta mbele ya wasomaji ni kwamba utaratibu wetu wa kuwatembeza wageni umepinduliwa miguu juu: lililo kubwa kwa maana limeachwa nje, na yaliyobaki, kwa kutengwa nalo, yamepungukiwa na nusu ya maelezo yake. Jiwe la Ilesi, msitu na dhahabu ya Rosterman ni mambo yaliyofungamana, na mwenye kuyatembelea kwa tartibu iliyo sawa ataondoka na elimu asiyoweza kuipata katika vitabu vya picha viuzwavyo kwenye viwanja vya ndege.

Nianze na jiwe, kwa kuwa ndilo jepesi kufikiwa. Wenyeji wa Isukha huliita Ikhongo Murwi. Ni jabali la itale lenye kimo cha mita zipatazo 40, limesimama juu ya mlima mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi na migomba. Chini ni nguzo nene, na juu ya nguzo limekaa jiwe jingine, kama kichwa kilichoinama juu ya mabega. Katikati ya nguzo hiyo umepita mfereji uliochimbwa na maji yenyewe kwa muda usiohesabika, toka kileleni hata chini. Mvua inyeshapo, na katika nchi hii hunyesha karibu kila alasiri ya msimu, maji hukusanyika katika bonde dogo lililo juu, kisha yakatiririka polepole kuufuata mfereji, hata baada ya mawingu kutanzuka. Na ndivyo macho ya watu yalivyoona machozi. Kisa kisimuliwacho ni cha binti aliyempenda mtu ambaye babake hakumridhia, akalia hata akageuka jiwe. Kisa ni kitamu, nacho husimuliwa kwa namna nyingi kwa kadiri ya msimulizi na ukarimu wa msikilizaji. Ila mtembezaji hukomea hapo, ilhali lipo jambo la pili la kusema: itale hiyo ni katika miamba ya moto iliyojipenyeza, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, ndani ya miamba mingine iliyo mikongwe kuliko hiyo, na ni katika miamba hiyo mikongwe, penye mishipa ya mawe meupe ya kwatzi, ndimo ilimolala dhahabu ya Kakamega. Mwenye kulitazama jiwe la Ilesi anatazama mlango wa mgodi, na hajui.

Papo hapo Ilesi wapo wanawake wafinyanzi, ambao vyungu vyao hupangwa kando ya lami kwa safu, vikubwa vya kuwekea maji nyuma na vidogo vya kupikia mboga mbele. Atakayeteremka garini na kuingia uani ataona kazi yenyewe: udongo uliokandwa kwa miguu, ukaviringishwa kuwa kamba nene, kamba ikazungushwa juu ya kamba mpaka ukuta wa chungu ukainuka, kisha ukalainishwa kwa kigae na kupigwa nakshi shingoni. Siku ya kuchoma hutandikwa kuni na nyasi, vyungu vikapangwa juu yake, vikafunikwa kwa nyasi tena, na moto ukawashwa peupe bila tanuri. Na mfinyanzi hujua kwa rangi ya moshi kama vyungu vimeiva au vitapasuka. Wageni hupiga picha, wakashukuru kwa adabu, wakaenda zao bila kununua, kwa udhuru kwamba chungu hakiingii katika mkoba wa ndege. (Udhuru huo ni wa kweli nusu, yupo aliyeweza kubeba ngoma.)

Sasa msitu. Huu ni mabaki ya ule msitu mkuu wa mvua uliotanda kutoka Afrika ya Magharibi na Kongo, ukavuka Uganda, ukakomea hapa. Na kwa kuwa ndio ncha ya mwisho upande wa mashariki, humo hupatikana viumbe ambavyo Mkenya hatavipata penginepo katika nchi yake. Eneo lililotengwa ni kiasi cha kilomita za mraba 240, ingawa ukiondoa mashamba ya chai, miti ya kupandwa na mbuga zilizo wazi, msitu wa asili uliobaki haufiki nusu yake. Ndege waliohesabiwa humo wamezidi aina 300, na vipepeo wamefika aina 400. Upande wa kaskazini, Buyangu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, unalindwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Upande wa kusini, Isecheno, umo mikononi mwa idara ya misitu. Pale Isecheno vijana wa vijijini waliasisi mwaka 1995 mpango wao wa kuwafundisha watoto wa shule habari za msitu, na katika waongozaji wao wapo wanaoweza kumtambua ndege kwa sauti kabla hajaonekana, wakakutajia jina lake kwa Kiluhya, kwa Kiingereza na kwa Kilatini. Elimu hiyo ni fahari ya nchi.

Mto Isiukhu hupita humo ukashuka hata kupita jirani na mji, na mizizi ya mkombero iuzwayo kwa mafungu madogo katika vituo vya matatu, ile itafunwayo na wasafiri kwa ladha yake ya utamu na ukali, asili yake ni huko huko. Kwa hiyo mtu wa Lurambi, hata asipokanyaga msituni mwaka mzima, hunywa maji yake na hutafuna mizizi yake. Lakini muulize ni lini msitu huo ulipata mipaka, na kwa nini, naye atakwambia kwamba ulikuwapo tangu azali.

Mipaka hiyo ilitiwa mwaka 1933. Tarehe hii ningeipenda iandikwe kwa herufi kubwa penye malango yote mawili, kwa sababu miezi michache kabla yake, Disemba 1932, serikali ile ile ya kikoloni, katika wilaya ile ile ya North Kavirondo, kama nchi hii ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa imeubomoa mpaka mwingine. Mkono mmoja ulizungushia miti uzio wa sheria, na mkono wa pili ukauondoa uzio wa sheria uliowazunguka watu.

Yafaa nieleze jinsi ilivyokuwa. Mwaka 1930, baada ya malalamiko ya miaka mingi juu ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi, serikali ya Kenya ilitunga Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, ambayo ilitamka kwamba nchi zilizotengewa Waafrika ni zao milele; na ikiwa kwa dharura ya manufaa ya umma itabidi kipande kitwaliwe, basi Baraza la Wenyeji lishauriwe kwanza, na kipande kingine kilicho sawa nacho kitolewe badala yake. Watu waliambiwa hayo katika mabaraza, na walio wepesi wa kuamini waliamini. Mwaka uliofuata, 1931, mlowezi mmoja Mmarekani kutoka upande wa Eldoret, L. A. Johnson, aliyekuwa na uzoefu wa kutafuta madini, alikuja Kakamega na wenzake, wakachekecha mchanga wa mito, wakaona kinachong'aa.

Wakati wenyewe uliwasaidia. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia, nzige walikuwa wamemaliza kilichobaki shambani, na walowezi wengi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa wamezama katika madeni. Kisha, Septemba 1931, Uingereza ikaacha kuifunga sarafu yake na dhahabu, na thamani ya dhahabu kwa pauni ikapanda. Mtu aliyekuwa jana mkulima aliyefilisika akawa leo mtafuta dhahabu. Walikuja kwa mamia, na magari yao na mahema yao, wakapiga vigingi vyao katika mashamba ya mtama na wimbi, penye vijito, nyuma ya nyumba, na, kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, hata penye makaburi. Vijana wa Isukha, Idakho na Butsotso waliajiriwa kwa maelfu kuchimba katika nchi yao wenyewe kwa ujira.

Hapo ndipo ile sheria ilipokuwa kikwazo. Dhahabu haingojei baraza, na ardhi ya badala haikuwako, maana nchi ilikuwa imejaa watu kama ilivyojaa leo. Basi Disemba 1932 sheria ilirekebishwa kwa haraka: kipande kinachotakiwa kwa madini kiliweza kuondolewa katika ardhi ya wenyeji bila Baraza lao kushauriwa kwanza na bila ardhi nyingine kutolewa, mwenyewe akalipwa fedha. Mjini London jambo hilo lilizua kelele kubwa. Lugard, aliyekuwa gavana wa Nigeria na ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kuwa adui wa ufalme wa Uingereza, alisimama katika Baraza la Malodi kulilaumu. Waziri wa Makoloni, Philip Cunliffe-Lister, akaitetea serikali yake kwa hoja kwamba dharura haina mwalimu. Na sheria ikabaki. Huku kwetu, ghadhabu ya ardhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma watu kuunda chama cha North Kavirondo Central Association katikati ya miaka hiyo ya thelathini, na ni katika harakati hizo jina la Waluhya, kwa maana ya makabila haya yote pamoja, lilipopata nguvu. Msomaji aone basi: kabila ambalo leo wanasiasa hulihesabu kwa kura lilijipatia jina lake kwa sehemu kubwa katika mgogoro wa shimo la dhahabu.

Makampuni makubwa yalipowasili, watafutaji wadogo wa Kizungu walitoweka upesi kama walivyokuja. Mgodi uliodumu kuliko yote ulikuwa Rosterman, uliochimbwa kutoka miaka hiyo ya thelathini hata ukafungwa 1952, na katika muda huo ukatoa dhahabu zaidi ya wakia laki mbili. Ilikokwenda dhahabu hiyo hapana haja ya kueleza. Hata msitu haukusalimika, kwani migodi ilihitaji magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke, nao watafutaji walichimba mpaka ndani yake: atakayepanda kilima cha Lirhanda, ambapo waongozaji huwapeleka wageni kutazama vilele vya miti jua likichomoza, ataoneshwa ubavuni pango wanamolala popo. Pango hilo halikufanywa na maumbile. Ni njia ya chini kwa chini iliyochimbwa na watafuta dhahabu. Wageni huambiwa habari za popo.

Na Rosterman yenyewe? Leo ni mtaa kama mitaa mingine ya pembezoni mwa mji unaokua: nyumba za matofali, maduka, makanisa, bodaboda chini ya mti. Mashimo ya kale yapo, baadhi yameota vichaka midomoni, na vifusi vilivyoachwa na kampuni vimechekechwa upya mara nyingi na watu wasio na kampuni. Uchimbaji haukukoma mwaka 1952. Uliopotea ni mshahara. Utamkuta mama amekaa chini ya kivuli cha turubai, miguu ameinyoosha, mbele yake rundo la mawe na nyundo, akigonga jiwe moja moja mpaka likawa kokoto, na kokoto mpaka ikawa unga. Unga huo humwagiwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia, mchanga mwepesi ukaenda na maji, ule mzito ukanaswa na nyuzi; gunia likakung'utwa ndani ya karai, ikatiwa zebaki, ikachanganywa kwa mikono mitupu; kisha mchanganyiko ukakamuliwa katika kitambaa hata ukabaki uvimbe mdogo wa rangi ya fedha, ukachomwa juu ya makaa, zebaki ikapaa na moshi, na chembe ya manjano ikabaki. Chembe hiyo hununuliwa papo hapo. Moshi huvutwa na aliye karibu, na aghalabu aliye karibu ana mtoto mgongoni.

Hakuna kibao. Hakuna uzio penye mashimo, wala maandishi yasemayo lililotendeka hapa mwaka 1932. Mtoto wa shule aliyezaliwa Rosterman husoma katika kitabu cha historia habari za walowezi wa nyanda za juu, za Harry Thuku na za Mau Mau, akajibu mtihani akafaulu, na hajui kwamba jina la mtaa wake ni jina la kampuni, wala kwamba babu wa babu yake huenda alilipwa shilingi kadhaa badala ya shamba.

Najua nitakalojibiwa. Wako watakaosema kwamba watalii hawasafiri kutoka mbali kuja kutazama shimo. Na wako, wenye haki zaidi ya hao, watakaosema kwamba mama agongaye mawe hahitaji kibao cha historia bali mashine ya kusagia na dawa ya kifua. Kwa hao wa kwanza jibu ni jepesi. Ballarat, katika nchi ya Australia, mji ulioota juu ya dhahabu na ukabaki na mashimo, ulifungua mwaka 1970 mahali paitwapo Sovereign Hill, wakajenga upya mtaa wa wachimbaji wa kale, na mpaka leo watu hulipa kiingilio wakateremka chini ya ardhi kuona jinsi kazi ilivyofanywa. Wala hatuhitaji kwenda Australia. Ngome ya Yesu pale Mombasa ilikuwa gereza la serikali tangu 1895 hata 1958. Humo walifungwa watu na humo walinyongwa watu, na kama wakubwa wa wakati ule wangeliona kwamba mahali pa majonzi hapafai kuoneshwa wageni, leo pasingekuwa na makumbusho pale, wala jina la Mombasa lisingeandikwa mwaka 2011 katika daftari la urithi wa dunia.

Kwa hao wa pili sina la kubishana nao, ila nawaomba wafikiri kwamba mambo haya mawili hayapingani. Shimo likizungushiwa uzio kwa sababu ni la historia, mtoto hataanguka humo. Mtaa ukijulikana, moshi wa zebaki utaonwa na macho mengi zaidi, na lionwalo na wengi ni vigumu kupuuzwa na mamlaka.

Lakini sababu iliyo kubwa kwangu si utalii. Dhahabu ya Kakamega imerudi katika mazungumzo. Tangu miaka michache iliyopita makampuni ya kigeni yamekuwa yakitoboa ardhi kwa vyombo vya kisasa katika nchi ya jirani zetu wa Ikolomani, kule Isulu na Bushiangala. Kampuni ya Shanta Gold ilinunua haki za utafiti huo mwaka 2020, na tangu hapo watu wamekuwa wakihesabu nani atahama, atalipwa nini, na atakwenda wapi. Sheria ya Madini ya 2016 imegawa mrabaha kwa mafungu: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali. Mgawanyo huo ni bora mara elfu kuliko wa 1932. Hata hivyo, maswali yanayoulizwa leo na mzee wa Bushiangala mbele ya afisa aliyetumwa kumshawishi, yaani kama fedha yaweza kuwa badala ya ardhi, na nani aliyeshauriwa kabla ya uamuzi kukatwa, ni yale yale neno kwa neno yaliyoulizwa na wazee wa wakati wa babu yake. Mtu aulizaye maswali hayo na huku nyuma yake upo mfano uliohifadhiwa, wenye tarehe na majina na mahali pa kuoneshwa kidole, husikilizwa kwa namna nyingine kabisa na yule asiye na kitu mkononi isipokuwa uchungu wake. Rosterman ni hati. Hati haitupwi wakati daawa ingali mahakamani.

Huenda msomaji wa mwambao akauliza, je, Kakamega haina mambo mengine ya kale yasiyo ya huzuni? Yapo, tena ya kumpendeza yeye hasa. Mumias, mwendo usiozidi saa moja kwa gari, ilikuwa kituo cha misafara ya Waarabu na Waswahili waliofuata pembe za ndovu, na Uislamu uliingia huko kwa mikono yao. Joseph Thomson alifika 1883, na makao ya utawala wa kikoloni yalikuwa kule mpaka yalipohamishiwa Kakamega mwaka 1920. Nabongo Mumia aliyewapokea wageni wote hao alifariki 1949. Kadhalika ipo ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, yenye magoma matatu, la baba na la mama na la mtoto, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka, nayo huchezwa sasa zaidi katika mikutano ya kisiasa kuliko katika misiba na mavuno. Haya yote yastahili makala yao. Ila hayamo ndani ya Lurambi, na tabia yetu ya kumwelekeza mgeni kwa jirani kila aulizapo nini cha kuona kwetu imetufanya tuwe walinda lango wa nyumba za wengine.

Nani basi afanye kazi? Hapa katiba ya 2010 imetuchanganya kidogo, kwa kuwa Jedwali la Nne limeipa kaunti shughuli za utamaduni na utalii wa mahali, na limeipa serikali kuu kumbukumbu za kale na za historia zenye umuhimu wa kitaifa. Na palipo na wenye nyumba wawili, paa huvuja. Kwa Sheria ya 2006, waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa, ana uwezo wa kupatangaza mahali kuwa turathi inayolindwa. Lakini hawatakuja wenyewe. Ni lazima waombwe, kwa barua, na barua iandikwe na kaunti, ikiambatana na ramani ya mashimo yaliyobaki na majina ya wenye viwanja, ambao wasihamishwe wala wasitishwe, kwa maana itakuwa kejeli kubwa kuiadhimisha dhuluma ya 1932 kwa kuirudia.

Wakati barua hiyo ikisafiri kutoka meza hata meza, kipo kinachoweza kuanzwa kesho na chuo kikuu chetu. Chuo hiki, kilichoanza kwa harambee ya wananchi katika miaka ya sabini na kikapewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, kina wanafunzi wa historia na wa lugha ambao kila mwaka hutafuta mada za kuandikia tasnifu. Aliyekuwa kijana wa miaka kumi na mitano mgodi ulipofungwa sasa amekaribia miaka tisini. Waliobaki ni wachache, na wanafunzi hao wengi wao ni wajukuu zao. Wapewe vinasa sauti, waende Rosterman, Shirere na vijiji vya Butsotso, waulize ni nani alilipwa kiasi gani kwa siku, walivyoteremka shimoni kwa kamba au kwa ngazi, nani alifia humo na alizikwa wapi. Mambo hayo hayamo katika majalada ya North Kavirondo yaliyohifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, kwa sababu walioyaandika majalada hayo hawakushuka shimoni.

Na wale vijana wa Isecheno, mabingwa wa ndege, ningewaomba waongeze asubuhi moja tu katika ratiba ya mgeni wao: wampeleke kwanza Rosterman, wamweleze habari za 1932, saa nne wawe Ilesi, wamweleze mwamba na wampitishe uani kwa wafinyanzi, anunue chungu kidogo kinachoingia mkobani, adhuhuri wawe Lirhanda, penye lile pango, na hapo ndipo wamtajie mwaka 1933 na mpaka wa msitu. Mbega watakuwapo jioni, hawana haraka. Gharama ya mpango huo ni vibao vitatu, uzio wa mashimo yaliyo karibu na njia, na posho ya waongozaji wakati wa kufundishwa. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hupelekwa mbele ya wananchi miezi kabla ya hapo, katika mikutano ambayo watu wa Lurambi huhudhuria wakadai barabara na taa. Safari hii yupo mmoja atakayesimama kuuliza habari za Rosterman, nami nitakuwa nimekaa safu ya mbele.